Aliyeahidi Kurudi: Uponyaji, Afya ya Akili na Dawa ya Kila Mwezi katika Ukanda wa Kyela na Matema

Utangulizi

Msomaji wa kitabu cha jubilei hutazamia kukuta majina ya wachungaji waliotumika, mwaka kanisa lilipoezekwa bati, jinsi kengele ilivyoletwa na jinsi kwaya zilivyoanza. Mambo hayo wameyaandika wenzangu katika sura nyingine, nami nawashukuru. Mimi nimepewa sura ya huduma ya uponyaji. Katika huduma hiyo nimechagua upande ambao husimuliwa mara chache, yaani habari za ndugu zetu wanaougua maradhi ya akili na kifafa, pamoja na wote ambao ugonjwa wao haumalizwi kwa sindano moja bali unahitaji dawa mwezi hadi mwezi, mwaka hadi mwaka.

Nimefanya hivyo kwa sababu moja. Jengo likikamilika huwekewa jiwe la msingi na tarehe, na kila mgeni hulisoma. Lakini mzee wa kanisa anayemtembelea mgonjwa yuleyule kwa mara ya arobaini hawekewi jiwe. Hata hivyo, Bwana wetu alipoulizwa jirani ni nani, alisimulia habari za Msamaria ambaye hakuishia kufunga majeraha na kumwaga mafuta na divai. Alimfikisha yule majeruhi nyumba ya wageni, akatoa fedha, kisha akaahidi kurudi. Mafuta na divai ni huduma ya siku moja. Ahadi ya kurudi ndiyo matibabu ya kudumu. Basi tuipime historia ya nchi yetu kwa kipimo hicho: ni nani alifika, na ni nani alirudi?

Huduma iliyopanda mlimani

Injili ilifika kwetu kwa njia ya ziwa. Mwaka 1891 wajumbe wa Chama cha Misioni cha Berlin, wakiongozwa na Alexander Merensky, walipita Nyasa wakaingia nchi ya Konde na kujenga kituo chao cha kwanza, walichokiita Wangemannshöhe. Mwaka huohuo ndugu wa Kanisa la Moravian, wakiwa na Theodor Meyer, walianza Rungwe. Mmoja wa wenzake, Georg Martin, alifariki mwaka uleule wa 1891 kabla kazi haijashika mizizi. Walutheri wakaendelea Manow mwaka 1892, kisha Mwakaleli na Ikombe mwaka 1893, na baadaye Matema.

Ukiitazama ramani ya vituo hivyo utaona kwamba vingi viko juu, kwenye hewa ya baridi. Sababu yake inajulikana. Uwanda wa Kyela na pwani ya ziwa vilikuwa makao ya malaria, na wageni walikufa. Hata serikali ya Kijerumani, iliyokuwa imeweka boma lake Langenburg ufukweni, ililihamisha karne ya 20 ilipokuwa inaanza, ikalijenga upya milimani mahali tunapopaita Tukuyu. Hatuwalaumu. Mtu anayetaka kuhudumia lazima kwanza awe hai. Lakini matokeo yake yalikuwa kwamba huduma ilipanda mlimani, na watu wengi wakabaki uwandani pamoja na mbu.

Tangu hapo, kwa vizazi kadhaa, mgonjwa wa Mwaya, Ipinda au Ngonga alipaswa kupanda ili atibiwe. Wa Ikombe, ambako Milima ya Livingstone inateremka hadi majini, alisafiri kwa mtumbwi au kwa njia ya miguu inayong'ang'ania mteremko. Vyungu vya Wakisi vilitoka Ikombe na Lyulilo kwa mitumbwi vikafika kila soko la ukanda huu, wala hapakuwa na jiko la Mnyakyusa lisilokuwa na chungu cha Kikisi. Dawa haikupata njia nyepesi namna hiyo ya kurudi Ikombe.

Kisha iko mvua. Wageni wetu waliofika wakati wa kiangazi huenda wasiamini jinsi Mbaka, Lufilyo, Kiwira na Songwe zinavyofurika kati ya Machi na Mei. Mashamba ya mpunga huwa ziwa, na njia hukatika. Mtu aliyevunjika mguu anaweza kubebwa kwa machela mara moja, vijiji vikapokezana. Mwenye kifafa hawezi kubebwa kila mwezi. Ugonjwa wake haungoji mvua iishe, na dawa ikikatika ghafla, degedege hurudi, pengine kwa nguvu kuliko mwanzo.

Dawa ilipoondoka na mwenye dawa

Mwezi Mei 1916 majeshi ya Uingereza chini ya Jenerali Northey yalivuka kutoka Nyasaland na kuiteka Tukuyu. Wamisionari wa Kijerumani walikamatwa, kisha wakarudishwa kwao. Wascoti wa Livingstonia, walioko ng'ambo ya Songwe, walisaidia kuangalia sharika zilizoachwa, hata Wajerumani wakaruhusiwa kurudi katikati ya miaka ya 1920. Vita Kuu ya Pili ilipoanza mwaka 1939, jambo lilelile likatokea tena, na Walutheri wa Sweden na Marekani wakaingia kusaidia.

Kwa hiyo, ndani ya muda usiozidi miaka 25, huduma ya kitabibu iliyotegemea mgeni ilikatika mara mbili. Sanduku la dawa liliondoka na mwenye sanduku. Ibada haikukoma, maana walimu, wainjilisti na wazee wenyeji waliendelea kuongoza sala, kufundisha wakatekumeni na kuzika wafu. Hapa historia inatufundisha jambo ambalo nitalirudia baadaye. Kazi iliyokabidhiwa mikononi mwa wenyeji ilipita katika vita. Kazi iliyobaki mikononi mwa mtu mmoja, hata awe mwema kiasi gani, iliondoka naye. Usharika wetu ulizaliwa katika kizazi kilichoyaona haya kwa macho.

Wazee walivyoulinda moyo wa mtu

Tusiseme kwamba kabla ya zahanati watu wetu hawakujua lolote juu ya afya ya akili. Kati ya mwaka 1934 na 1938 Godfrey Wilson na mkewe Monica, wataalamu wa elimu ya jamii, waliishi kati ya Wanyakyusa. Vitabu vya Monica Wilson, vilivyotoka mwaka 1951 na kuendelea, vimehifadhi mambo mengi ambayo wajukuu wameyasahau. Mawili yanahusu sura hii.

La kwanza ni *ukwangala*. Neno hili kila Mnyakyusa analijua. Ni kukaa pamoja kwa furaha, kuzungumza, kula na kunywa pamoja, kutembeleana bila kuitwa. Vijiji vya zamani vilipangwa kwa rika ili watu wa umri mmoja waishi pamoja, na kukaa na wenzako kulihesabiwa kuwa wajibu. Mtu aliyejitenga alitiliwa shaka. Upande huo wa shaka ulikuwa na ubaya wake, kwa kuwa uliweza kumgeuza mpweke kuwa mchawi. Lakini ndani yake kulikuwa na hekima: mtu akianza kujificha, kuacha shamba, kutokula na wenzake, jirani alikuwa wa kwanza kuona. Wauguzi wa siku hizi wanatufundisha kwamba hizo ndizo dalili za mwanzo za sonona na za maradhi mengine ya akili.

La pili ni msiba. Monica Wilson aliandika kwamba katika desturi ya mazishi hofu kubwa ya wafiwa ilikuwa kichaa. Waliamini kwamba mfiwa asipotimiza taratibu za kutengana na marehemu, akili yake itaharibika. Kwa hiyo wafiwa walitengwa nyumbani siku kadhaa, wakaogeshwa, wakanyolewa, ndugu wakawa nao muda wote, hata wakarudishwa hatua kwa hatua katika kazi na maisha ya kawaida. Sisi tunaoamini ufufuo hatuitaji kumfukuza marehemu, na Kanisa lilifanya vema kuwaweka watu huru na hofu ya mizimu. Hata hivyo, swali la haki ni hili: taratibu zile zilipoondolewa, ni nini kiliwekwa mahali pake? Ibada ya mazishi ni ya saa mbili. Matanga siku hizi hufupishwa kwa sababu ya gharama na kazi. Mjane wa leo anaweza kubaki peke yake siku ya nne, wakati babu zake wangekuwa bado wanamzunguka. Huzuni isiyo na mtu wa kuipokea hugeuka maradhi.

Lutindi na Mirembe

Walutheri wa Tanzania wana sababu ya kukumbuka kwamba kazi ya kuwahudumia wagonjwa wa akili katika Afrika Mashariki ilianza mikononi mwa Kanisa. Huko Lutindi, katika milima ya Usambara, mwaka 1896 palijengwa makao ya watoto waliokombolewa utumwani. Mwaka 1904 makao hayo yakaanza kupokea wagonjwa wa akili. Watumishi wake walitoka Betheli, Ujerumani, mji wa diakonia ulioanzishwa mwaka 1867 kwa ajili ya watu wenye kifafa na kukuzwa na Mchungaji Friedrich von Bodelschwingh. Wazo lao lilikuwa kwamba mgonjwa ni ndugu anayehitaji kazi, sala, chakula na watu wa kukaa nao, wala si mfungwa. Lutindi ingali hospitali ya akili chini ya KKKT Dayosisi ya Kaskazini Mashariki hadi leo.

Serikali ya Kiingereza ilifungua hospitali ya wagonjwa wa akili Dodoma mwaka 1927, ambayo leo tunaiita Mirembe. Ng'ambo ya ziwa, Nyasaland ilikuwa na ya kwake Zomba tangu mwaka 1910. Haya yalikuwa mambo mema, lakini tuyapime kwa macho ya mtu wa Kyela. Lutindi iko upande wa pili wa nchi. Dodoma ni safari ya mamia ya kilomita. Mgonjwa aliyepelekwa huko alipelekwa mara nyingi akiwa amefungwa kamba, akisindikizwa na askari au ndugu waliouza ng'ombe ili wapate nauli. Huko alitulia. Kisha aliruhusiwa, akarudi na dawa za wiki chache, na zilipokwisha hapakuwa na za kuongeza. Ugonjwa uliporudi, watu walisema, "Mnaona? Hata Mirembe imeshindwa." Mirembe haikuwa imeshindwa. Kilichoshindikana ni njia kati ya Mirembe na nyumba ya mgonjwa.

Hapo ndipo mnyororo ulipoingia. Jamaa aliyemfunga mwanawe kwenye gogo nyuma ya nyumba hakuwa mtu katili kila mara. Wengine walikuwa wazazi waliochoka, waliokuwa na shamba la kulima na watoto wengine wa kulinda, na ambao walikuwa hawajaonyeshwa njia nyingine. Tunalaani mnyororo, lakini tukumbuke kwamba mnyororo huanza pale msaada unapokoma.

Mwezi hadi mwezi

Katika miaka ya 1950 zilipatikana dawa za kutuliza maradhi makubwa ya akili, na baadaye sindano inayofanya kazi kwa majuma kadhaa. Dawa ya kifafa iitwayo fenobabitoni ilikuwa imejulikana tangu mwaka 1912, nayo ni ya bei ndogo sana. Kwa hiyo tangu wakati huo kikwazo kikubwa hakikuwa tena ukosefu wa dawa duniani. Kikwazo kilikuwa kumfikishia mtu yuleyule dawa ileile, kila mwezi, bila kukosa.

Nchi yetu imeonyesha mara kadhaa kwamba jambo hili linawezekana. Mwishoni mwa miaka ya 1950 daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alikuta Mahenge familia nyingi zenye kifafa. Wagonjwa walikuwa wametengwa kwa hofu ya kuambukiza, na wengi walikuwa na majeraha ya moto kwa kuangukia jikoni. Akaanzisha kliniki ya kifafa, mbali na mji wowote mkubwa, na wagonjwa waliopata dawa mfululizo walirudi mashambani na hata kuoa na kuolewa. Mwaka 1977 serikali ilianza Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma. Chini ya ushauri wa Dkt. Karel Styblo, utaratibu wa kumfuatilia kila mgonjwa kwa daftari na kumpa dawa akiangaliwa ulikomaa hapa Tanzania, kisha Shirika la Afya Duniani likautangaza kwa mataifa mengine. Mwaka 2004 dawa za kupunguza makali ya UKIMWI zilianza kutolewa bure kitaifa. Mkoa wa Mbeya ulikuwa miongoni mwa mikoa iliyoumizwa sana, na sote tumewaona watu walioinuka kutoka kitandani kwa sababu walikuwa na kadi, tarehe na mhudumu anayewauliza wasipofika.

Kwa maradhi ya akili pia juhudi zilifanyika. Baada ya uhuru vilianzishwa vijiji vya kilimo ambamo wagonjwa waliishi na kulima. Katika miaka ya 1980, kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani na Denmark, mpango wa taifa ulijaribiwa Morogoro na Kilimanjaro ili mhudumu wa zahanati aweze kutambua na kutibu maradhi haya karibu na nyumbani. Ulipoanza uchangiaji wa gharama za matibabu mwaka 1993, wagonjwa wa akili walitajwa kati ya wanaosamehewa. Mwaka 2008 Bunge lilitunga Sheria ya Afya ya Akili, iliyochukua nafasi ya sheria ya kikoloni. Na tangu mkataba wa mwaka 1992 kati ya serikali na makanisa, hospitali zetu, zikiwamo Matema na Itete za Dayosisi ya Konde, zimekuwa sehemu ya mtandao wa taifa.

Lakini msamaha wa ada haumsaidii mtu ambaye dirisha la dawa linamwambia, "Zimekwisha, kanunue dukani." Wala haulipi nauli ya pikipiki kutoka ng'ambo ya Lufilyo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi maskini robo tatu ya watu wenye kifafa hawapati matibabu, ingawa watu hadi 70 kati ya 100 wangeweza kuishi bila degedege wakitibiwa ipasavyo. Sensa ya mwaka 2012 iliihesabia Wilaya ya Kyela watu 221,490. Katika watu wengi kiasi hicho, kila mtaa wa usharika una nyumba inayohusika na sura hii, iwe imejulikana au imefichwa.

Kukinga ni bora

Wengi hudhani kwamba maradhi ya akili na kifafa hayana kinga. Sivyo. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba karibu robo ya kifafa chote duniani kingeweza kuzuiwa, na visababishi vinavyozuilika tunavyo hapa.

Cha kwanza ni malaria kali ya mtoto, ambayo huweza kuacha kovu katika ubongo. Chandarua na tiba ya mapema ni kinga ya kifafa pia. Cha pili ni uzazi mgumu. Mtoto aliyekosa hewa kwa kuwa mama alicheleweshwa na mto anaweza kuishi na ulemavu wa akili maisha yake yote. Cha tatu ni tegu wa nguruwe. Ufugaji wa nguruwe ni tegemeo la familia nyingi za ukanda huu, lakini nguruwe anayezurura penye kinyesi cha watu hupata mbegu za minyoo. Mtu mwenye tegu, asiponawa mikono, huyatawanya mayai kwa wenzake, na mayai hayo yakimezwa huweza kupanda hadi kwenye ubongo. Banda, choo na nyama iliyoiva ndiyo dawa. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya, iliyowakusanya watu wazima wapatao milioni mbili kusikiliza redio na kujadiliana, ilichimba vyoo nchi nzima. Wazee wetu waliochimba wakati ule huenda hawakujua kwamba walikuwa wanakinga akili za wajukuu wao.

Cha nne ni usubi, unaoletwa na inzi wadogo weusi wa kando ya mito yenye kasi. Rungwe, Busokelo, Kyela na Ileje ni sehemu ya eneo la usubi linaloitwa la Tukuyu. Uchunguzi uliofanywa Mahenge na kwingineko Afrika umeonyesha kwamba penye usubi mwingi, kifafa nacho huwa kingi. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 dawa ya Mectizan imegawiwa hapa kila mwaka. Waliogawa hawakuwa madaktari. Walikuwa wanakijiji waliochaguliwa na wenzao, wakapewa daftari na fimbo ya kupimia urefu ili wajue vidonge vingapi vimfae kila mtu. Walipita nyumba kwa nyumba, mwaka baada ya mwaka, na usubi umepungua sana. Tuliangalie jambo hili kwa makini. Mwaka 1916 dawa iliondoka na mgeni. Safari hii dawa ilitoka mbali, lakini mkono ulioipeleka mlangoni ulikuwa wa jirani, nao haukuondoka.

Kiko pia kisababishi ambacho wahubiri tunakijua, nacho ni ulevi. Kimpumu ya zamani ilinyweka kwa siku zake, baada ya mavuno na katika sherehe. Pombe kali ya leo, inayouzwa kwa bei ndogo tangu asubuhi, huwanyang'anya vijana akili kabla hawajapata kazi. Kumhubiria mlevi bila kumtibu ni nusu ya huduma.

Majirani nao wanatufundisha. Kaskazini mwa Malawi, Ndugu wa Mtakatifu Yohane wa Mungu wamehudumia wagonjwa wa akili kutoka Mzuzu tangu miaka ya 1990, wakiwafuata vijijini. Zimbabwe, Dkt. Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha mabibi wa mitaani kukaa bechini na wenye kuwaza kupita kiasi, kuwasikiliza na kuwasaidia kutatua tatizo moja baada ya jingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulithibitisha kwamba waliokaa na mabibi hao walipata nafuu kuliko wenzao. Nikisoma habari hiyo naliona *ukwangala* limevaa nguo mpya.

Maombi na vidonge

Sina budi kusema neno juu ya jambo linalotugawa. Katika miaka ya karibuni mikutano ya maombezi imekuwa mingi katika ukanda wetu. Mgonjwa wa akili au wa kifafa huombewa, hujisikia mwepesi, kisha huambiwa kwamba kumeza tena kidonge ni kukosa imani. Anaacha. Wiki za kwanza anaendelea vizuri kwa sababu nguvu ya dawa bado imo mwilini. Baadaye huanguka, pengine ndani ya moto au ndani ya maji, na katika nchi ya ziwa na mito kama hii wako waliozama.

Kanisa la Kilutheri linaombea wagonjwa, na litaendelea. Lakini tunaungama kwamba Mungu ni Muumba, na kwamba mganga, dawa na mikono ya muuguzi ni vipawa vyake vya kila siku kama vile mkate. Yule mtu wa nchi ya Wagerasi, aliyevunja minyororo akikaa makaburini ng'ambo ya ziwa, Bwana alimponya. Wenyeji walimkuta ameketi, amevaa nguo, ana akili timamu. Naye alipotaka kufuatana na Bwana chomboni, Bwana alimrudisha nyumbani kwa jamaa zake. Uponyaji ulikamilika aliporudi kwa watu wake, na kwa hiyo watu wake nao walikuwa na kazi ya kumpokea. Anayemwombea mgonjwa na amwombee, kisha amsindikize kliniki tarehe yake ikifika.

Kazi ya karne ya pili

Mambo yamebadilika kwa wema. Lami imefika Matema, mahali ambapo zamani gari lilikwama matopeni siku nzima. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi wa mwaka 2007 ulilenga zahanati kila kijiji. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii wapatao 137,000 kwa miaka mitano. Lakini lami haimpeleki mgonjwa asiye na nauli, na zahanati bila dawa ni nyumba tupu.

Kwa hiyo napendekeza kwa Baraza la Wazee na kwa wageni wetu wa Dayosisi mambo matano, yote yakiwa ndani ya uwezo wa usharika wa kijijini. Kwanza, kila mtaa uwe na watu wawili, mwanamke na mwanamume, waliofundishwa na wauguzi kutambua dalili na kumsindikiza mgonjwa mapema. Pili, kliniki ya mwezi ya kifafa na afya ya akili itoke hospitalini ije mitaani, na jengo la kanisa litumike siku hiyo. Tatu, uwekwe mfuko mdogo wa diakonia, usiotumika kwa jambo jingine, wa kununua dawa zinapokosekana na kuweka akiba ya miezi ya mafuriko kabla ya Machi. Nne, ibada za nyumba kwa nyumba ziwafuate wafiwa siku ya saba, ya thelathini na mwisho wa mwaka. Tano, mgonjwa aliyetulia apewe kazi na nafasi katika kwaya, katika shamba la usharika na katika Meza ya Bwana, maana aliyebatizwa hapotezi ubatizo wake kwa kuugua.

Mambo haya hayatapigwa picha nzuri. Mgeni akija miaka mia ijayo hataonyeshwa kitu cha kugusa. Ataonyeshwa daftari lenye jina la mtu mmoja na tarehe zilizojazwa kila mwezi bila pengo. Nadhani daftari hilo lingestahili kuwekwa karibu na kengele yetu.

Karne ya kwanza ya historia yetu inasimulia habari za waliofika, nasi tunamshukuru Mungu kwa ajili yao, wenyeji na wageni, waliolala katika makaburi ya Ikombe, Manow na Rungwe, na wanaoishi. Karne ya pili na isimulie habari za waliorudi. Kwa Mungu, Baba, Mwana na Roho Mtakatifu, iwe sifa na utukufu sasa na hata milele. Amina.